Mstari wa Moresby na Hesabu ya Moshi

Mnamo Septemba 1822, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan aliridhia mkataba ulioletwa kwa niaba ya Waingereza na Nahodha Fairfax Moresby, mkubwa wa manowari zao zilizokuwa na makao Mauritius. Mkataba uliharamisha kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo. Na ili ahadi hiyo ipate kukaguliwa, ulipigwa mstari baharini: ulianzia Rasi ya Delgado kusini, ukapita maili sitini mashariki ya Sokotra, ukaishia ncha ya Diu katika pwani ya Gujarati. Jahazi la raia wa Sayyid lililokutwa na watumwa mashariki ya mstari lilistahiki kukamatwa. Lililokuwa magharibi yake lilikwenda zake.

Vitabu vya historia huutaja mkataba huu kuwa ni hatua ya mwanzo ya kukomeshwa biashara ya utumwa katika maji yetu, na ndivyo ulivyokuwa. Mstari wenyewe aghalabu hutajwa kwa kupita. Ilhali mstari ule ndio uliokuwa roho ya mkataba, kwani uliamua ni dhambi ipi ihesabiwe na ipi isihesabiwe. Mtu aliyechukuliwa Kilwa na kushushwa Unguja hakuuvuka. Wala aliyepakiwa Unguja akapelekwa Sur au Maskati hakuuvuka. Kwa watu hao mkataba ulikuwa kama haukuandikwa.

Miaka 175 baadaye, tarehe 11 Desemba 1997, iliandikwa ahadi nyengine mbali sana na Zanzibar, katika mji wa Kyoto nchini Japani. Umoja wa Ulaya, uliokuwa na wanachama kumi na tano wakati huo, uliahidi kwamba katika miaka ya 2008 hadi 2012 utapunguza gesi zinazoitia dunia joto kwa asilimia 8 chini ya kiwango cha 1990. Tangu hapo Umoja huo umeahidi tena na tena, kila mara kwa tarakimu kubwa zaidi, na leo hakuna jumuiya ya kisiasa duniani iliyoandika ahadi nyingi kuliko yake katika jambo hili. Zanzibar haikuwa na kalamu mkononi Kyoto, kama ambavyo mateka wa Kilwa hakuwa na kalamu Maskati. Lakini ahadi za Ulaya zinaihusu. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, kimekaa chini, maji ya bahari yanakizunguka na maji ya visima vyake yanakaa juu ya chumvi.

Hapana anayelinganisha mtu na moshi. Utumwa ni jinai juu ya nafsi, na moshi ni taka ya maisha ambayo kila mtu ana sehemu yake, hata mpika maandazi wa Darajani. Kinacholingana ni namna ya kuahidi. Na katika elimu hiyo watu wa visiwa hivi wana kumbukumbu ndefu kuliko wengi.

Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, alieleza jambo ambalo watia saini wa 1822 hawakulikusudia. Soko la kuwapeleka watumwa kwenye visiwa vya Wafaransa lilipobanwa, mtaji wa wafanyabiashara haukulala. Uligeukia mashamba ya Unguja na Pemba. Mikarafuu, iliyokuwa ndiyo kwanza inashika mizizi, ikapandwa kwa wingi, na yule mtu ambaye awali angeuzwa nje sasa akabakishwa kisiwani, ikauzwa nje kazi ya mikono yake. Mnunuzi wa Bombay au wa Marseille alipata karafuu iliyokauka vizuri, na mkataba haukuvunjwa. Wataalamu wa siku hizi wa hewa ukaa wana neno la mambo haya: uvujaji. Unapoziba tundu moja, maji hutafuta jengine.

Mkataba wa pili, alioutaka Balozi Atkins Hamerton mwaka 1845 na kuanza kazi Januari 1847, uliuvuta mstari karibu zaidi. Sasa ilikatazwa kuwatoa watumwa katika milki za Kiafrika za Sayyid na kuwapeleka Arabuni. Lakini baina ya Lamu na Kilwa, pamoja na visiwa vilivyomo, njia ilibaki wazi kwa sheria, kwa hoja kwamba huo ni usafiri wa ndani. Mashamba ya karafuu yalikuwa humo ndani, na yalihitaji watu kila mwaka. Tena nahodha aliyetaka kuvunja sheria aliweza kuondoka Kilwa na hati ya safari ya Lamu, khalafu upepo wa kusi ukampeleka mbele zaidi. Manowari chache zilizokuwa doria zilikuwa na kazi ya kutambua nia ya mtu akiwa bado ndani ya mstari, kazi ambayo ni ngumu kwa yeyote asiyekuwa Mola.

Tarehe 5 Juni 1873, baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere kushindwa na baada ya Balozi John Kirk kutishia kuuzingira mji kwa manowari, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa tatu. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikaharamishwa kote, na soko la Mkunazini likafungwa siku ile ile. Mstari wa safari hii ulikuwa ufuko wenyewe. Haukupita muda, misafara ikawa inawatembeza watu nchi kavu, kutoka nyuma ya Kilwa kwenda kaskazini, hadi mahali ambapo Pemba iko karibu na kivuko ni cha usiku mmoja. Ilibidi Barghash atoe amri nyengine mwaka 1876 kuiziba njia hiyo ya nchi kavu. Na hata utumwa wenyewe, mbali na biashara yake, ulibaki na uhalali wa kisheria Unguja na Pemba mpaka amri ya Sultani Hamoud bin Muhammed ya Aprili 1897. Kwa amri hiyo aliyekuwa mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia akalipwa mwenye mtumwa. Masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909.

Yapo mengi ya kusema juu ya fidia hiyo, na itarejewa. Kabla ya hapo kuna chombo kimoja cha kutazamwa. Kuanzia mwaka 1874 ilitia nanga mbele ya Mji Mkongwe manowari kuukuu iitwayo London, iliyokuwa kituo cha mashua za doria. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ahadi ya 1873 inatimizwa. Miaka miwili kabla yake meli za barua za kampuni ya British India zilikuwa zimeanza kuja kila mwezi, zikifuata njia fupi iliyofunguliwa na mfereji wa Suez mwaka 1869. Makaa ya mawe yakawa yanarundikwa bandarini. Bandari iliyozoea kungoja kaskazi na kusi ilianza kuona vyombo vinavyokuja bila kungoja upepo, na moshi wake ukisimama juu ya gati ya Mizingani. Hivyo dola iliyokuja kukagua ahadi ya wengine ilikuja imebeba mwanzo wa deni lake yenyewe, ingawa hapana mtu wa zama zile, Mwingereza wala Mswahili, aliyejua kwamba moshi ule una hesabu.

Deni hilo limelipwa kiasi gani? Insafu inataka jibu litolewe kabla ya lawama. Ahadi ya Kyoto Umoja wa Ulaya uliitimiza na kuizidi: wale wanachama kumi na tano walipunguza takriban asilimia 12 pale walipoahidi 8. Machi 2007 viongozi wao waliahidi kupunguza asilimia 20 ifikapo 2020. Mwaka ulipofika, upungufu ulikuwa umepita asilimia 30, japo maradhi ya korona yalichangia mwaka huo kwa kuzifunga njia na viwanda. Mwaka 2014 wakaandika asilimia 40 kwa ajili ya 2030. Desemba 2020 wakaipandisha hadi 55, na mwaka 2021 wakaifanya sheria, pamoja na lengo la kufika 2050 bila ya nyongeza yoyote ya gesi hewani. Hadi mwaka 2023 walikuwa wamepunguza asilimia 37 kulinganisha na 1990, na uchumi wao umekua kwa takriban theluthi mbili katika muda huo huo. Marekani ilitia saini Kyoto ikakataa kuridhia, ikaingia mkataba wa Paris, ikatoka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 ikaamriwa kutoka tena. Kati ya waliotajirika kwa makaa ya mawe ni wachache wanaoweza kufungua daftari kama la Ulaya mbele ya watu bila ya haya.

Basi lifunguliwe. Wapenzi wa mashairi wanalijua neno mizani kwa maana mbili, ile ya sokoni na ile ya ubeti, na wanajua kwamba shairi linaweza kutimiza mizani zake zote na bado likawa halijasema lililokusudiwa. Tarakimu za Ulaya zimetimia mizani. Linalobaki ni kutazama mstari ulipigwa wapi.

Mstari wa kwanza ni wa wakati. Mwaka wa msingi ni 1990. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, Ujerumani mbili zikaungana Oktoba 1990, na viwanda vya mashariki vilivyokuwa vikiteketeza makaa machafu vikafungwa kwa sababu havikuwa na mnunuzi. Uingereza nayo katika miaka hiyo iliachana na makaa ikahamia gesi ya Bahari ya Kaskazini, kwa kuwa umeme ulikuwa umebinafsishwa na gesi ilikuwa rahisi. Walipoketi Kyoto mwaka 1997, sehemu nzuri ya ile asilimia 8 ilikuwa imeshalipwa bila ya kukusudiwa. Na lile lengo la 2020 lilikuwa limeshafikiwa kufika mwaka 2014, miaka sita kabla ya siku yake. Ni mfano wa mtu anayenuia kufunga alasiri, na tangu asubuhi nyumbani kwake hakikupikwa kitu. Saumu yake huenda ikakubaliwa. Lakini njaa haikuanza na nia.

Mstari wa pili ni wa ardhi. Gesi huandikwa katika daftari la nchi ilimotolewa, wala haifuati bidhaa hadi kwa mtumiaji. Chuma kilichoyeyushwa China na kujenga daraja Ulaya ni moshi wa China. Karafuu ya 1830 ilikuwa na hesabu ya namna hii hii: jasho liliandikwa Unguja, harufu ikafika Ulaya. Kwa kuwa nchi za Ulaya huagiza bidhaa nyingi zenye moshi ndani yake kuliko zinavyouza, hesabu ya kinachotumiwa huwa juu kuliko hesabu ya kinachotolewa. Watungaji sheria wa Brussels wenyewe wamelikiri hilo. Mwaka 2023 walipitisha ushuru wa hewa ukaa mpakani kwa chuma, saruji, mbolea, alumini na vitu vyengine vichache, na tangu Januari 2026 mwagizaji anawajibika kulipia moshi uliobaki nyuma ya bidhaa. Huu ni mkataba wao wa 1845, mstari umesogezwa. Unagusa baadhi ya shehena, na nyingi zaidi zinapita.

Ndipo lije suala la soko la vibali, na hapa ile fidia ya 1897 inarejea akilini. Kuanzia mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulitaka kila kiwanda kikubwa na kila kituo cha umeme kiwe na kibali kwa kila tani ya hewa ukaa kinayoitoa, na vibali viuzwe na kununuliwa. Fikra ilikuwa njema. Lakini mwanzoni karibu vibali vyote viligawiwa bure, na viligawiwa kwa kutazama nani amekuwa akitoa moshi mwingi. Aliyechafua zaidi akapewa zaidi. Vikatolewa vingi kupita mahitaji, na kufika mwisho wa 2007 bei ya kibali ilikuwa karibu na sifuri. Kasoro hizo zimekuwa zikirekebishwa, bei imepanda, na vibali vya bure vya viwanda vinavyolindwa na ushuru wa mpakani vimepangwa kumalizika 2034. Hata hivyo mwenye kuijua amri ya Sultani Hamoud hawezi kukosa kuona desturi ya dola: inapoamua kuacha ubaya, kwanza humtuliza aliyefaidika nao.

Mstari wa tatu unapita juu ya Unguja yenyewe, na hauonekani kama ule wa Moresby. Itifaki ya Kyoto iliziacha safari za kimataifa za ndege na meli nje ya malengo ya mataifa, ikayakabidhi mashirika ya kimataifa ya anga na bahari kazi ya kuzishughulikia. Katika hesabu zinazopelekwa Umoja wa Mataifa, mafuta ya safari hizo huandikwa pembeni ya daftari, wala hayajumlishwi. Ndege inayoruka Milan au Warsaw jioni na kutua Kisauni alfajiri haimo katika jumla ya Italia, wala ya Poland, wala ya Tanzania.

Ulaya ilijaribu kuurekebisha mstari huu, na jaribio hilo lastahiki kukumbukwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2008 iliamuru kwamba tangu 2012 kila ndege inayoingia au kutoka Ulaya, ya shirika lolote, iwe na vibali kwa safari nzima. Mashirika ya ndege ya Marekani yalishitaki. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua Desemba 2011 kwamba sheria ni halali. China, India, Urusi na Marekani zikang'aka, na vitisho vya kibiashara vikatolewa. Novemba 2012 ikatangazwa kwamba saa imesimamishwa: safari za ndani ya Ulaya zitahesabiwa, za mbali zitasubiri. Zimesubiri tangu hapo, kwa msamaha unaoongezwa kila unapokaribia kwisha. Meli zimepata hukumu ya kati na kati, kwani tangu Januari 2024 safari ya meli kubwa baina ya bandari ya Ulaya na bandari ya nje huhesabiwa nusu. Kontena la vigae linalotoka Genoa kuja Malindi lina moshi wa kuhesabiwa hadi katikati ya njia.

Kwa Zanzibar si jambo la pembeni. Wageni walioingia mwaka 2024 walipindukia laki saba, wengi wao kutoka Ulaya, na uchumi wa kisiwa umeegemea kwao kama ulivyoegemea karafuu zamani. Safari moja ya kwenda na kurudi kutoka kusini mwa Ulaya huweza kumgharimu abiria mmoja kama tani moja ya hewa ukaa. Mtanzania, kwa wastani, hutoa takriban robo tani kwa mwaka mzima kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mgeni wa wiki moja wa Nungwi anaacha hewani, katika njia ya kuja na kurudi pekee, sehemu ya miaka minne ya mwenyeji anayemtandikia kitanda. Wala mwenyeji huyo hatamani mgeni asije. Hapo ndipo penye mashaka ya kisiwa: anayemhesabia Mzungu moshi wa ndege anahesabu na mshahara wake mwenyewe. Serikali za nchi zinazoishi kwa wageni, Zanzibar ikiwemo, hazikuwa na hamu kubwa ya kuona saa ile ikianza tena kwenda, na ni vigumu kuzilaumu.

Upande wa pili wa hesabu uko ufukweni. Kilimo cha mwani kilianza Paje na jirani zake mwaka 1989, na kwa muda mfupi kikawapa wanawake wa pwani ya mashariki fedha ambazo hazikupitia mkononi mwa mume. Aina nene, kotonii, ndiyo yenye bei. Lakini kotonii haivumilii maji yakipata joto. Hupauka, hulainika, hukatika kwenye kamba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi, na wakulima wengi wamebaki na spinosumu, iliyo nyembamba na rahisi. Wanaotaka kotonii wanalazimika kuifuata maji makubwa, mahali ambapo pana haja ya mashua na kujua kuogelea, mambo mawili ambayo mwanamke wa Jambiani wa kizazi kilichopita hakufundishwa. Matumbawe ya visiwa hivi yalipauka vibaya mwaka 1998, na tena 2016. Mbele ya Mji Mkongwe ukuta wa Mizingani umelazimika kujengwa upya, na Kilimani mikoko imepandwa kuzuia ufuko usiliwe. Hasara hizi hazina mstari.

Fedha za kujikinga nazo ziliahidiwa. Copenhagen, Desemba 2009, mataifa tajiri, Ulaya ikiwa mbele, yalisema yatafikisha dola bilioni 100 kwa mwaka kufika 2020. Hesabu ya mataifa tajiri yenyewe inasema kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Baku, mwaka 2024, ikaandikwa bilioni 300 kwa mwaka kufika 2035. Linalohitajika kusemwa juu ya ahadi hii ni fupi: ilicheleweshwa miaka miwili, na bahari haikungoja.

Njia nyengine ya fedha ilipitia msituni. Aprili 2008 Norwei, ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya ingawa inashiriki soko lake la vibali, iliahidi kuipa Tanzania kroner milioni 500 kwa miaka mitano ili kuhifadhi misitu. Sehemu yake ilizaa mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioendeshwa Unguja na Pemba kuanzia 2010 hadi 2014 na shirika la CARE pamoja na idara ya misitu ya Zanzibar. Shehia kadhaa, zikiwemo zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ziliandikiana mikataba na serikali juu ya misitu yao. Mipaka ikapimwa, kamati zikaundwa, kanuni za kukata kuni na kuchoma makaa na chokaa zikakazwa. Watu waliambiwa kwamba hewa inayobaki ndani ya miti itauzwa. Malipo ya majaribio yalitolewa. Mauzo yenyewe, yaliyokuwa msingi wa subira ile, hayakupatikana mradi ukiwa hai, na ulipomalizika kanuni zilibaki na fedha haikubaki.

Uvujaji nao haukukosekana. Mji unaokua unapika kila siku, na mti usiokatwa Pete au Charawe una nduguye anayekatwa mahali pengine. Makaa na mbao huingia Unguja kwa vyombo kutoka Bara. Mpima hewa wa Jozani huona msitu umepona. Hapimi Bagamoyo.

Sasa lile soko linarejea kwa mlango mkubwa zaidi. Novemba 2025, baada ya mazungumzo ya usiku kucha, mawaziri wa mazingira wa Umoja wa Ulaya walikubaliana juu ya lengo la 2040: kupunguza asilimia 90 chini ya 1990. Ni tarakimu ya kuheshimiwa. Ndani yake mna ruhusa kwamba hadi asilimia 5 inaweza kupatikana kwa kununua hati za hewa ukaa kutoka nchi nyengine, kuanzia 2036. Asilimia 5 ya moshi wa Ulaya wa mwaka 1990 ni zaidi ya tani milioni 200 kwa mwaka. Tanzania, katika ahadi yake ya Julai 2021 ambayo Zanzibar imo ndani yake bila ya kuwa na saini ya peke yake, ilisema itapunguza baina ya tani milioni 138 na 153 kufika 2030, sawa na asilimia 30 hadi 35 ya ambazo zingetolewa mambo yakiachwa yalivyo. Kile kipande ambacho Ulaya imejiruhusu kukitafuta ng'ambo ya mstari wake ni kikubwa kuliko ahadi nzima ya Tanzania.

Na hati hizo zina sharti. Kwa kanuni zilizokubaliwa Glasgow mwaka 2021, tani moja haiwezi kuhesabiwa na watu wawili. Tani iliyohifadhiwa katika msitu wa shehia na kuuzwa Ulaya chini ya kanuni hizo itaongezwa katika daftari la Brussels na kufutwa katika daftari la Tanzania. Mti ni ule ule, umesimama pale pale juu ya mawe baina ya Jozani na Charawe, na mtu asiyeruhusiwa kuukata ni yule yule. Tanzania, ikisha kuiuza tani hiyo, itabaki na ahadi yake ya 2021 kamili, na italazimika kuitafuta tani nyengine kwa gharama kubwa zaidi mahali pengine ndani ya mipaka yake.